Wazee Wetu na Njia za Kolwezi

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda magharibi hupita Likasi, kisha hushika barabara ya Kolwezi, na safari yote ni kama kilomita 300. Nchi ile ni uwanda wa juu, na mji wenyewe umekaa zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Miti ya miombo imesimama huku na huku, na kati yake vichuguu vya mchwa, vingine virefu kuliko mtu. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, asubuhi ni baridi na mchana ni vumbi. Zikija mvua, tangu Oktoba hata Aprili, vumbi lilelile hugeuka tope. Kabla hajauona mji, msafiri huona kwanza vilima ambavyo havikuwekwa pale na Muumba: ni vifusi vya mgodi, udongo uliotolewa chini na kulundikwa juu kwa miaka mingi. Nyuma ya vilima hivyo kuna mashimo, na kati ya mashimo wanakaa watu.

Wengi wamekwisha kuandika habari za shaba ya Kolwezi, na za kobalti ambayo sasa dunia yote inaitafuta kwa ajili ya betri za magari na simu. Sisi leo hatutaki kuandika habari za mawe. Twataka kuandika neno moja linaloonekana kuwa dogo: mzee wa Kolwezi hutokaje nyumbani mwake, akaenda sokoni, au kanisani, au kwa rafiki yake, na kurudi salama bila hofu? Kwa kijana jambo hili si kitu. Yeye huruka mtaro akaenda zake. Kwa mzee ndiyo sehemu kubwa ya uhuru wake.

Yafaa kwanza tukumbuke mji huu ulivyoanza. Kolwezi ulijengwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, uwe makao ya kazi zake za upande wa magharibi. Reli ilikuwa imekwisha kupita, kwa maana njia ya kutoka Tenke kwenda Dilolo na pwani ya Angola ilimalizika mwaka 1931. Mji uligawanywa: Wazungu mahali pao, wafanyakazi wa Kiafrika katika kambi zao. Katika kambi hizo nyumba zilipangwa kwa mistari, njia zilikuwa zimenyoka, na mtu aliyezaliwa humo aliweza kwenda shuleni, zahanati na dukani akiwa amefumba macho. Mwaka 1967 mali ya kampuni ile ilitwaliwa na serikali, na baadaye shirika la taifa likaitwa Gécamines. Musonoi, Kamoto, Luilu: majina haya ni ya migodi na viwanda, lakini ni majina pia ya mahali watu walipooa, walipozaa na walipozika.

Wazee wa leo ndio vijana wa siku zile. Waliiona kazi ya mgodi katika ukubwa wake, wakati Gécamines ilipotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Waliiona vita ya Mei 1978, na hata sasa wengine huhesabu miaka yao hivi: kabla ya vita, baada ya vita. Waliiona pia kazi ikianguka. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, waliachishwa kazi kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mpango huo uliitwa wa kuondoka kwa hiari, ijapokuwa wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, na mwenye njaa hana hiari kubwa. Mtu aliyekuwa na miaka 50 siku ile, leo amepita 70. Huyo ndiye mzee tunayemkuta ameketi mbele ya nyumba yake, fimbo kando, akitazama njia.

Mbona anatazama njia asiishike? Tulimwuliza zaidi ya mzee mmoja neno hilo. Tulidhani watatujibu kwamba ni magonjwa: magoti, mgongo, macho. Kweli, hayo yapo. Lakini jibu tulilolisikia mara nyingi lilikuwa lingine. Mama mmoja mjane, ambaye marehemu mume wake alikuwa mtu wa mgodini, alituambia hivi: “Miguu ingalipo, mwalimu. Njia ndizo sizijui tena.”

Neno hilo lastahili kufikiriwa, maana mzee hasafiri mtaani kwa macho peke yake. Macho yake yamepungua nguvu. Anasafiri kwa kumbukumbu. Anajua kwamba penye mwembe mkubwa njia inateremka. Kwamba baada ya nyumba ya fundi cherehani kuna mtaro. Kwamba ukuta wa shule ukiisha, hapo ndipo pa kugeuka. Alama hizo ni kama fimbo ya pili. Mwondolee, naye atasimama katikati ya mtaa aliozaliwa kama mgeni aliyeshuka katika gari jana.

Sasa mji wa Kolwezi umeondoa alama nyingi kuliko miji mingine. Tangu mwaka 2015, ulipofanywa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba, watu wamezidi kuja na majengo yamezidi kuota. Lakini jambo la kwanza ni madini. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu mmoja alichimba katika uwanja wa nyumba yake akakuta kobalti. Baada ya siku chache majirani nao walikuwa wakichimba, wengine ndani ya vyumba vyao, na ardhi ya mtaa ikawa na matundu kama chujio. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilizungushiwa ukuta ikawa mahali pa uchimbaji, na jamaa waliokaa humo wakahama. Katika Cité Gécamines nako, mgodi wa wazi ulio katikati ya mji umekuwa ukipanuka tangu mwaka 2015, na watu wamehamishwa. Habari zao ziliandikwa mwaka 2023 katika taarifa ya Amnesty International pamoja na shirika la Kikongo liitwalo IBGDH. Kijana akihamishwa huteseka, kisha hujifunza njia mpya kwa juma moja. Mzee akihamishwa hupoteza siku moja kila alichojifunza kwa miaka 50.

Hata asiyehamishwa, mji humhamia. Kichochoro alichopita kimefungwa kwa ukuta. Mwembe umekatwa. Barabara iliyokuwa ya baiskeli sasa ni ya malori marefu yanayobeba shaba na kobalti, na mengine yanayoleta tindikali kwa ajili ya viwanda. Katikati yao hupenya pikipiki za abiria, kulia na kushoto. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Walisema kweli, lakini waliisema katika njia ya miguu. Katika barabara ya malori, mwenda pole yumo hatarini kwa sababu ya upole wake.

Tufanye hesabu kidogo, kama wafanyavyo watoto darasani. Barabara moja ina upana wa mita 10. Mtoto wa shule, mwenye kwenda mita 1.4 kwa sekunde, huivuka kwa sekunde 7 hivi. Wataalamu waliopima mwendo wa wazee wameona kwamba wengi huenda mita 0.8 au 0.9 tu kwa sekunde. Tutwae 0.8: mzee wetu atahitaji sekunde 12 na nusu. Sasa lori liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Basi, katika muda mzee anaouhitaji kuvuka, lori limekwenda mita 208. Maana yake ni kwamba mzee akitaka kuvuka salama bila dereva kupunguza mwendo, yampasa alione lori lililo mbali zaidi ya mita 200, na kulipima mwendo wake, katika vumbi, kwa macho yenye ukungu. Ni nani kati yetu vijana awezaye kumcheka akisita ukingoni? Kusita kwake si woga wa kitoto. Ni hesabu ambayo ameifanya bila kalamu.

Turudi kwa mama yule mjane, maana kwake tulijifunza mengi. Wanawe si wabaya. Mmoja humletea unga, mwingine humlipia maji, na wajukuu hutumwa sokoni kununua samaki na mboga. Akitaka kuinuka wanamwambia, “Nkambo, keti tu, tutakwenda sisi.” Nkambo ndivyo tunavyomwita huku bibi au babu, na neno hilo lina heshima na mapenzi. Lakini angalieni kazi iliyofanywa na mapenzi hayo. Kwa miaka miwili mama huyo hakuvuka barabara kubwa. Ng'ambo ya barabara, mwendo usiofika hatua 900, alikaa rafiki yake wa tangu ujana, waliyekaa naye kambini mlango kwa mlango, wakalea watoto pamoja. Rafiki huyo aliugua miezi mitatu. Salamu zilikwenda na kurudi kwa vinywa vya wajukuu. Kisha siku moja ikaja habari ya matanga. Mama hakuwa amemwona.

Alipotusimulia hakulia. Alisema tu kwamba angependa kwenda kumpa mkono binti wa marehemu, na kwamba hajui atafikaje.

Jamaa walipotusikia wakataka kumwita kijana wa pikipiki ampeleke mara moja, jambo liishe. Tukawasihi wangoje. Pikipiki ingemfikisha siku hiyo, lakini kesho angekuwa ameketi vilevile mlangoni, asijue njia. Tukakubaliana kwamba mjukuu wake mmoja, mvulana wa miaka 14, atamfundisha njia upya. Au tuseme vema zaidi, kwamba wawili hao watajifunza pamoja, maana kijana anajua mahali, na mzee anajua namna ya kupakumbuka.

Siku ya kwanza walikwenda hatua 200 tu, hata benchi la jirani mwenye duka, wakaketi, wakarudi. Ilikuwa asubuhi, saa mbili, kabla ya jua kali na kabla ya barabara kuchafuka kwa vumbi. Mvulana alitaka kumshika mkono na kumvuta. Mama alimwambia: “Usinishike wewe. Niache nikushike mimi.” Akaweka mkono wake juu ya kiwiko cha mjukuu, hivi kwamba yeye ndiye aliyeamua mwendo. Tuliona hekima katika jambo hilo dogo. Mtu anayevutwa hutazama miguu yake kwa hofu. Mtu aliyeegemea hutazama mbele.

Siku ya tatu walifika kwenye mtaro ulio kabla ya barabara. Pale mama alisimama asitake kwenda mbele, kwa sababu mtaro ulikuwa umechimbwa na mvua, na vijana walikuwa wakiuruka. Jirani wa pale alipoona hivyo alileta ubao mnene, akauweka juu ya mtaro na kuukaza kwa mawe pande zote mbili. Kazi hiyo ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Hatukuwahi kusikia kwamba mtu aliwahi kuiomba.

Kisha wakatafuta alama mpya. Mama ndiye aliyezichagua, wala si sisi. Mahali pa mwembe wa zamani akatwaa tangi la maji la rangi ya buluu. Mahali pa fundi cherehani akatwaa duka la dawa. Mnara wa simu, ambao hapo mwanzo aliuchukia, akaufanya kiongozi, maana huonekana toka kila upande. Kwa kuvuka, mvulana alimwonyesha mahali pa karibu; mama akapakataa. Akasimama siku mbili akitazama magari, akachagua mahali penye tuta, mbali kidogo, ambapo malori hayana budi kupunguza mwendo. Alikuwa amefanya hesabu yetu ya mita 208, akaijibu vizuri kuliko sisi.

Juma la tatu akavuka, akafika nyumbani mwa rafiki yake. Akaketi na binti wa marehemu tangu asubuhi hata karibu na adhuhuri. Waliyozungumza ni yao. Tangu hapo huenda mara moja kila juma, na dukani kwa jirani huenda peke yake.

Ndugu wasomaji, hatuwasimulii jambo la ajabu. Twawasimulia kwa sababu katika kila nyumba yenu yuko mzee, na pengine naye ameketi mlangoni. Basi tuseme kwa utaratibu mambo yanayofaa kufanywa.

Kwanza, tufahamu jinsi hofu inavyofanya kazi. Mzee akijikwaa mara moja huogopa. Akiogopa hukaa nyumbani. Akikaa nyumbani miguu hulegea, maana mwili usiotumika hunyauka kama kamba iliyoachwa juani. Miguu ikilegea, siku atakayoinuka ataanguka kweli, nayo hofu huzidi. Kuanguka si jambo la kupuuza: Shirika la Afya Duniani lakadiri kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaokufa hivyo kwa wingi kuliko wengine ni wale waliopita miaka 60. Lakini dawa ya kuanguka si kuketi. Shirika hilohilo, katika maongozi yake ya mwaka 2020, lawashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu au zaidi kila juma, kadiri ya uwezo wao. Hayahitaji chombo wala ada. Mzee ashike mgongo wa kiti kizito au mwimo wa mlango, asimame kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Aketi na kuinuka mara kumi, polepole. Mtu awe karibu naye mwanzoni, na mwenye maradhi aulize kwanza kwa mganga.

Pili, tutunze macho na miguu. Mtoto wa jicho ni maradhi yanayofunika macho ya wazee wengi, nayo hutibiwa kwa upasuaji mfupi. Tusiseme “ni uzee tu” kabla ya kumpeleka mzee hospitali akapimwe. Viatu navyo: ndala zilizolegea zimeangusha wengi. Kiatu chenye kushika kisigino, na fimbo yenye mpira chini, ni zawadi bora kuliko kitambaa kipya cha sikukuu. Wapo wazee wanaoona haya kushika fimbo. Tuwakumbushe kwamba kwetu wakuu walishika fimbo ili waheshimiwe, wala hakuna aliyewaita vilema.

Tatu, tusiwapende wazee kwa namna ya kuwafunga. Kumfanyia mzee kila kitu ni rahisi. Kumngojea afanye mwenyewe kwahitaji subira. Ajitwalie maji yake, aende dukani mwenyewe, amsalimu jirani mwenyewe. Yale ambayo hawezi, tumsaidie. Yale ambayo aweza kwa taratibu, tumwachie, hata kama sisi tuna haraka. Na kabla ya kumwamulia, tumwulize: Wapenda kwenda wapi? Ni nini kinachokuzuia? Mara nyingi kizuizi ni kitu cha ubao mmoja.

Nne, majirani washirikiane. Desturi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa, yaweza kutumika hapa. Watu wa njia moja wakikutana asubuhi moja, wanaweza kufunika mitaro mbele ya milango, kuziba mashimo, kuondoa mawe na vyuma, na kuweka viti viwili au vitatu vya miti penye kivuli. Mzee awezaye kwenda hatua 200 bila kupumzika, ukimwekea benchi kila hatua 200 umemrudishia mji mzima.

Tano, neno kwa vijana wa pikipiki. Ninyi mnalisha jamaa zenu kwa kazi ngumu, nasi hatuwadharau. Lakini mzee hawezi kuruka kando anaposikia honi nyuma yake. Honi yenyewe yaweza kumwangusha. Punguzeni mwendo, piteni mbali naye. Mkimchukua, simamisheni pikipiki kabisa mahali palipo sawa, mngoje hata aketi vizuri. Jamaa nazo zifanye urafiki na kijana mmoja anayejulikana, mwenye adabu, ambaye mzee atamwita kwa jina lake.

Sita, wenye mamlaka. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba watu wenye umri mkubwa na wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa njia maalumu kadiri ya mahitaji yao. Umoja wa Afrika nao, mwaka 2016, ulipitisha itifaki juu ya haki za wazee. Maneno haya ni mazuri, lakini mzee hakanyagi karatasi, anakanyaga barabara. Haki yake ionekane katika tuta la kupunguza mwendo karibu na soko, katika kifuniko cha mtaro, katika taa ya njiani, na katika njia ya miguu isiyogeuzwa kuwa mahali pa kuegesha malori. Na kampuni inapojenga ukuta au kuhamisha jamaa, wazee waulizwe mapema, waonyeshwe njia mpya kabla ya ile ya zamani kufungwa, na majirani wa zamani wawekwe karibu karibu wasitawanywe.

Tusifikiri kwamba mambo haya ni ndoto. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuongoza miji inayotaka kuwafaa wazee, kilichotokana na maneno ya wazee wenyewe katika miji mingi. Nao walitaja mambo yaleyale tuliyoyasikia Kolwezi: viti, vivuko, njia za miguu, usalama. Huko Singapore, tangu mwaka 2009, kuna vivuko ambavyo mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa, na taa ya wenda kwa miguu humngojea sekunde chache zaidi. Kule Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee aliyefika miaka 70 hupewa pensheni ya kila mwezi, hata kama hakuajiriwa kamwe. Ilianza kwa shilingi 20,000. Si fedha nyingi, lakini humpa mzee sababu ya kutoka na uwezo wa kulipa nauli.

Kolwezi haina taa za Singapore. Lakini udongo wake umetoa utajiri mwingi kwa miaka zaidi ya 80, na waliouchimba kwa mikono yao ndio hawa wanaoshindwa leo kuvuka barabara yake. Hatuombi watengenezewe mji mpya. Twaomba wasifanywe wageni katika mji walioujenga.

Tena tusisahau hasara yetu wenyewe. Mzee akifungiwa nyumbani, si yeye peke yake apatwaye na hasara. Mtaa hukosa macho yanayowaangalia watoto, hukosa mtu anayejua mipaka ya viwanja, hukosa mpatanishi wa mume na mke waliogombana. Penye wazee hapaharibiki neno, lakini sharti wawepo. Na kuwapo maana yake ni kufika. Mvulana yule wa miaka 14, katika siku zile za kutembea polepole, aliambiwa na nkambo wake nyumba ya nani ilikuwa wapi, nani alisaidia nani siku za vita, na babu yake alipita njia gani akienda zamu ya usiku. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha shule yetu.

Basi, Jumapili hii, baada ya chakula, mwulizeni mzee wa nyumba yenu ni wapi alipotamani kwenda mwaka huu asiende. Kisha mpeni kiwiko chenu, mfuate mwendo wake, na mkifika kwenye mtaro, angalieni kama unahitaji ubao.